Betri Themanini na Tatu Juu ya Bati

Uvira, Jumatatu, 2 Septemba 2002

Vita vimefunga mpaka wa Kavimvira. Hakuna betri mpya kutoka Bujumbura. Gaspard, fundi redio mwenzangu, amebaki na mbili tu, anazilinda kama mayai. Mimi ninazo themanini na tatu! Zimekufa, ndiyo. Unatoboa kwa msumari, unatia maji ya chumvi, unaanika. Duniani hakuna kitu cha kutupa. Alhamisi redio itasoma majina ya waliovuka ziwa wakafika Kigoma. Mama mkwe wangu, Bernardine, anataka jina moja tu, la mwanawe Frédéric. Nimemwahidi atalisikia. Mke wangu Pudentienne amesema heri ningeahidi kujaribu.

Jumanne, 3

Nimezipanga juu ya bati, safu kwa safu. Zinang'aa mpaka kilimani. Kilimani kuna wanajeshi. Saa nane walikuja sita. Komanda aliuliza risasi hizo kubwa ninamwandalia nani, na waya wa antena yangu juu ya mti wa avoka unaongea na nani. Nilieleza. Nikaeleza zaidi, na hapo ndipo nilipoharibu. Walinifunga mikono, nami nikaanikwa pamoja na betri zangu. Niliogopa sana, sitaficha.

Jumatano, 4

Nimeachiliwa. Aibu tupu. Gaspard alikwenda mwenyewe kumuuliza komanda: "Muntu kama huyu, jeshi gani iko naweza kumutumikisha?" Komanda alinitazama, akakubaliana naye. Betri wamezichukua, isipokuwa mbili zilizokuwa mfukoni mwangu. Zimevuja. Suruali ina tundu na paja linawaka moto.

Alhamisi, 5

Jioni nilizitia zile mbili. Redio ikaamka! Majina ya watu wa Uvira yakaanza, kisha sauti ikalegea, ikazima. Mama mkwe alisema taratibu, "Mukwe, minye nilikuwa nangoja jina moja." Heri angenipiga. Gaspard akaingia bila hodi, akatia betri zake mbili mpya, hakudai kitu. Jina la nne lilikuwa Frédéric. Yu hai. Mama mkwe alilia. Mimi nilisingizia moshi.

Ijumaa, 6

Betri za Gaspard zimekwisha. Nimezitoboa, ziko juu ya bati pamoja na foni mbovu ya jeshi, ile ya kuongea na kambi, niliyoiokota jalalani. Shaba yake itanipa antena ndefu zaidi. Gaspard amepita, ametazama juu, amekwenda kufunga duka lake saa nne asubuhi. Mvivu. Askari mmoja kilimani ananyoosha kidole huku. Nimempungia mkono.