Siagi ya Jumatano

Jumatatu, 15 ya mwezi wa Tir

Aba Melaku, kasisi wetu na baba yangu wa nafsi, amekuja kunitazama. Akazitazama na dawa zangu za moyo, kisha akasema nianze kuandika dhambi zangu daftarini, nisije nikaondoka na nyingine mfukoni. Yeye ana miaka arobaini, mimi themanini na tatu, na ananiita mwanangu. Nimekubali. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na sita; daftari haliniogopeshi.

Dhambi za leo: sijaiona hata moja.

Ila Kobe ananuka. Kobe ni gari langu dogo la Kijerumani, mgongo wa mviringo, injini nyuma. Tukipanda mlima wa kanisani, ndani kunajaa harufu ya oili inayoungua. Yeshi, binti yangu, hakuzunguka: "Abaye, Jumapili Hirut anaolewa. Kama hujalitengeneza hadi Jumamosi, mwanangu atapanda gari la Ato Demissew, na ufunguo wako nauchukua."

Gari la Bwana Demissew! Jirani yangu huyo, fundi wa malori mstaafu, hulipangusa gari lake kama anaogesha kichanga. Mjukuu wangu? Afadhali aende harusini kwa punda.

Jumanne, 16 Tir

Nimewaza kisomi. Harufu hushindwa kwa harufu. Nimeweka chetezo cha ubani chini ya kiti cha nyuma, makaa tele, milango nimefunga.

Kiti kimeshika moto! Yeshi amemwaga ndoo nzima ya maji, nusu kwa kiti, nusu kwangu. Sasa Kobe ananuka oili, ubani na godoro lililoungua.

Demissew alichungulia juu ya ua. Akauliza kama ninafukuza pepo. Halafu, bila kuulizwa, akasema nitazame gasketi inayoziba ukingo wa kifuniko cha valvu, ubavuni mwa injini. Nikamjibu kwamba vitabu ninavyo.

Alipoondoka, nikalala mkekani nikatazama. Dakika ishirini kuinama, arobaini kuinuka. Kifuniko kimelowa, oili inadondokea bomba la ekzosi lenye moto. Gasketi imekauka kama ngozi ya ngoma. Yule mtu yuko sahihi. Inaudhi sana!

Nikaamua kuilainisha kwa grisi. Lakini mtaa mzima, grisi iko kwa Demissew tu. Siendi.

Jumatano, 17 Tir

Nimechukua siagi ya viungo ya Yeshi. Nusu kopo. Mafuta ni mafuta. Nikaipaka gasketi, nikafunga, nikazunguka mtaa.

Ushindi! Harufu ya oili imekufa!

Dakika tano hivi. Kisha siagi ikaanza kukaangika. Vitunguu, iliki, uwatu. Na leo ni siku ya mfungo, siku ambayo siagi haigusi mdomo wa Mkristo! Kina mama waliokuwa wakitoka kanisani walisimama wakapiga ishara ya msalaba. Mmoja akauliza ni nyumba gani hiyo iliyochinja kuku bila haya.

Nikamrudisha Kobe uani upesi. Aba Melaku akaingia nyuma yangu na fimbo yake, pua mbele. "Mwanangu, nani anakaanga siagi leo?"

Sikusema uongo. Niliutazama tu ua wa Demissew. Kwa muda mrefu.

Alhamisi, 18 Tir

Demissew amepewa adhabu: kusujudu mara arobaini kwa siku, siku tatu mfululizo. Ameapa kwamba hajakaanga kitu, lakini nani angemwamini, na moshi wangu umeingia hadi ndani kwake? Ana miaka sabini na tisa. Magoti yake nayasikia kutoka kitandani. Kila akiinuka anaguna, "Wai, wai, wai!"

Sijaweza kula. Yaani, nimekula injera mbili tu.

Jumamosi, 20 Tir

Nimeungama. Aba Melaku aliniwekea msalaba kichwani, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko kawaida. Adhabu yangu: niende kwa Demissew, nimwinamie, nimwombe radhi, halafu nimwache atengeneze gari. Kuinama nimekuweza. Hilo la mwisho karibu liniue.

Demissew alinisikiliza mikono kiunoni. "Mia moja na ishirini, Ato Balcha! Kwa siagi ambayo hata sikuilamba!" Kisha akaenda kuleta vifaa.

Akaifuta injini yote. Akaipulizia unga wa teff, akawasha, tukangoja. Unga ukalowa mahali pamoja tu, kwenye kifuniko kile. Akaweka gasketi mpya, akarudisha waya wa kukibana. Tak! Akasema oili iliyokwisha kumwagika bombani itaendelea kunuka siku mbili hadi iungue yote, na nisikiguse kifuniko hata malaika akiniamuru. Akamhakikishia Yeshi hivyohivyo, akaahidi kunifuata nyuma kesho.

Macho yalinilowa. Ni ule unga.

Jumapili, 21 Tir

Alfajiri nimenusa. Bado Kobe ananuka!

Nikafikiri. Mtu aliyesujudu mara mia moja na ishirini kwa ajili yangu, anitengenezee gari kwa moyo safi? Na kwa nini anifuate nyuma, gari lake limepanguswa, limefungwa maua?

Nikafungua kifuniko. Siagi kijiko kimoja tu. Leo siagi ni ruhusa. Nikarudisha waya. Haukulia tak. Ulilia kama tak.

Katikati ya mlima wa kanisani, nimempakia Hirut, kifuniko kikadondoka barabarani. Moshi! Vigelegele havikukoma, watu walidhani ni ubani. Hirut akatoka anakohoa ndani ya shela. "Babu, nanukia mchuzi wa kuku!"

Demissew alisimamisha gari, akafungua mlango, akampangusia Hirut kiti. Angenitukana ningepona. Hirut akanibusu paji la uso, akaniambia nami nipande, nikae mbele.

Nikakaa mbele. Kiti ni laini. Sitaki kulizungumzia.

Jumatatu, 22 Tir

Yeshi ameuchukua ufunguo. Demissew amekiokota kifuniko, amekinyoosha, anasema atakirudisha Alhamisi endapo nitakaa kitini mikono magotini. Alhamisi, saa nne asubuhi, ili mtaa wote umwone!

Nimemwomba Yeshi siagi kidogo ya kukandia goti. Amenijazia kikombe, maskini. Hajui kuna ufunguo wa pili. Nimeuficha humu daftarini, kwenye ukurasa wa dhambi. Kifuniko kiko barazani kwa Demissew, na ua si mrefu.

Keshokutwa ni Jumatano. Wote watakuwa kanisani. Nani atanusa?