Kiti cha Katikati, Ulaanbaatar

Alhamisi, 21 Desemba
Tumefika Ulaanbaatar. Baridi digrii thelathini chini ya sifuri. Tuko kumi kutoka kanisa letu la nyumbani, Daegu, wenzangu wamekuja kuhubiri. Mimi nimekuja kupigwa picha. Moja tu: nimekaa katikati, chini ya bango la misheni, ukurasa wa kwanza wa jarida la kanisa. Januari tunachagua wazee wa kanisa, na nimeshaanguka mara mbili. Wa kunitia wasiwasi ni Shemasi Pyo. Mtu mwenyewe hana hata suti! Kaja na ndoo ya kimchi, ile kabichi yetu kali ya kuchachushwa, anawagawia wenyeji. Kujipendekeza tu.

Ijumaa, 22 Desemba
Nimembebea bibi mmoja ndoo ya makaa ya mawe, ili nipigwe picha. Simu ikazima kwa baridi! Bibi akaona nimeshaanza, akaninyooshea kidole lundo lote. Ndoo kumi na tisa. Pyo akaja kusaidia, simu yake inawaka vizuri, eti anaiweka kwapani. Kwapani! Mshamba yule.

Jumapili, 24 Desemba
Kumbe kwenye picha ya kesho anayekaa katikati ni Baba Krismasi! Na mwenyeji wetu, Mchungaji Oyuntuya, kampa Pyo lile vazi. Nikamvuta Pyo kando, nikamwambia linawasha, atatoka upele. Akasema, "Basi vaa wewe, ndugu yangu, ngozi yako ngumu." Lione jinga lile! Nimelivaa papo hapo.

Jumatatu, 25 Desemba. Krismasi!
Picha ya wote, nje, mbele ya bango. Simu zote zimekufa isipokuwa ya Pyo. Kwa hiyo mpiga picha ni Pyo! Hayumo! Nusura nicheke kwa sauti. Mchungaji akaniomba nivue zile ndevu za bandia, watu wanione. Wapi! Pumzi yangu ilishazigandisha kwenye masharubu. Nikasema ziache, zinanipendeza. Bibi wa makaa akaniletea bakuli la chai ya moto. Nikamwambia asogee, ananiziba.

Jumapili, 31 Desemba. Daegu.
Jarida limetoka. Ukurasa wa kwanza, katikati, mimi! Chini wameandika: "Shemasi Pyo akiwafurahisha watoto." Na mimi naulizwa kama nilibaki hotelini nimelala! Pyo kasimama mbele ya kanisa zima, akanionyesha mimi, akasema jamani, yule pichani ni Shemasi Ma. Makofi! Eti mnyenyekevu, hata sifa zake anawagawia wengine. Nikainuka kusema ni mimi kweli. Mke wangu akanivuta koti: "Kaa chini, baba Seon-u, usituaibishe." Januari hakuna hata haja ya kupiga kura, mzee wa kanisa ni Pyo.

Haidhuru. Kosa langu nimeshalijua: zile ndevu. Pasaka tunakwenda Kambodia na igizo la kaburi tupu, na baada ya huu wa Januari kuna uchaguzi mwingine. Malaika wanasimama pembeni, wale wanawake wanapita tu. Kinachokaa katikati ya jukwaa ni kitu kimoja. Nimeshampigia simu mwongozaji, na amekubali. Mimi ndiye jiwe.