Yah: Vitabu Vyenu vya Wasichana Mashujaa na Hasara Niliyopata

Ndugu Mkutubi, Rafu ya Watoto,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na vitabu vyako vimekaa sawasawa. Mimi sijambo, niko mahali pa juu penye upepo mzuri. Uniwie radhi kwa kuandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Ndiyo iliyokuwa karibu. Shule niliiacha mwenyewe, baada ya walimu kuishiwa cha kunifundisha.

Mimi ni mjomba wa yule binti wa miwani anayeazima vitabu kwako kila Jumamosi, ambaye nyumbani tunamwita Kidete. Kabla ya vitabu vyenu alikuwa mtoto mzuri. Nikisimulia nilivyomkaba chui kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mwavuli, alikuwa akijificha nyuma ya mama yake. Sasa sikiliza.

1. Mlimwazima kitabu cha msichana aliyemuuliza hakimu swali mbele ya umati. Jioni yake sebule imejaa wageni, chui wangu yuko karibu kukata roho, mtoto akanyoosha kidole kwa adabu zote: "Samahani mjomba. Mwezi uliopita alikuwa fisi, na wewe ulikuwa umelala." Dada yangu alicheka mpaka akatua sinia chini. Chui yule nimemlea miaka mingi, Ndugu Mkutubi. Sasa hata nikimtaja, wageni wanauliza fisi hajambo.

2. Kikaja cha msichana aliyeletea shule yake maji. Kidete na wenzake wakaenda ofisi ya mtaa, wakakalia benchi mpaka mhandisi akaona haya, na mtaro ule wa wazi mbele ya kinyozi ukafunikwa kwa zege. Watu wanampongeza. Hakuna aliyeuliza mimi sasa nitamwokoa nani. Mtaro ule ndio ulionipa jina: nimevuta humo mwuza maziwa pamoja na baiskeli yake, na mbuzi ambaye hata leo tukikutana ananiinamia. Siku hizi watu wanapita wakavu kama biskuti, na heshima yangu iko chini ya zege.

3. Hili ndilo kubwa. Juzi mpira wa watoto ulikwama juu ya paa letu. Nilikuwa najiandaa, mtu mzima hapandi kama paka, kwanza anatafakari. Kabla sijamaliza kutafakari, Kidete ameshapanda na kushuka. Kinyozi akauliza, mbele ya wateja, kama yule aliyejenga minara ya simu peke yake siku hizi anapandiwa paa na mpwa wake. Nikajibu kwamba Jumamosi, yaani leo, nitapanda kubadilisha bati bila kushikiwa ngazi. Maneno hayo yametoka kwenye vitabu vyenu. Mimi nilitoa mdomo tu.

Kwa hiyo naomba vitabu hivyo viondolewe. Ikishindikana, basi kuanzia katikati ya kitabu msichana aogope kidogo na amwite mjomba wake. Kama picha ya mjomba haipo, niko tayari kuchorwa. Na kadi ya Kidete ifutwe leo hii, kabla hajaazima kingine.

Nisalimie mlinzi wa mlangoni na yule mama apangaye magazeti. Dada yangu naye angewasalimu, namsikia hapo chini anafua.

Ni mimi, mtiifu mwenye uchungu,
Mjomba Chuma

Tanbihi: Kadi usiifute kwanza. Ngazi imeanguka tangu asubuhi, niko huku juu ya paa, na bati limeanza kuchoma. Si woga, ni magoti yamekataa. Dada yangu nikimwita atacheka, na akicheka yeye mtaa mzima umejua. Fundi cherehani aliyekuletea barua hii nimemwambia nakagua misumari, usimuulize kitu. Kinyozi amesimama mlangoni anatazama juu. Mwambie Kidete aje kwa njia ya nyuma, na barabarani asikimbie. Na kama hapo rafuni pana kitabu cha msichana aliyemshusha mjomba wake bila watu kujua, mwazime akisome kwanza. Asiruke ukurasa.