Bwana Harusi wa Ghalani

Jumatano, 22 Januari 1913

...na shingo yake! Jana nilisahau kabisa kuandika kuhusu shingo. Loisi akigeuka kuchukua kata ya maji, hata gari la moshi la Tabora lingesimama litazame. Ndoa yetu bado mbichi. Nina furaha isiyo kifani. Ila silali nyumbani.

Sababu ni mama mkwe. Amekuja kutoka Mvumi kumwona bintiye, na nyumba yetu ni chumba kimoja. Kwetu Wagogo mkwe hatazamwi usoni, wala huli mbele yake, sembuse kulala alipolala. Mimi nimesoma misheni, naandika mizigo ya stesheni kwa Kijerumani, lakini miguu yangu haikusoma. Ikimwona mkwe inakimbia yenyewe. Basi nalala ghalani, kati ya magunia ya karanga na ngozi za ng'ombe. Ngozi zinanuka. Jioni Loisi huniletea ugali na mlenda, nami humsifu mpaka chakula kinapoa. Mwanamke wa ajabu!

Bartolomayo, karani wa boma, ananiita bwana harusi wa magunia. Ana vyumba viwili, ndiyo maana ana mdomo.

Alhamisi, 23 Januari

Mpango! Nimemtuma mpagazi mmoja apite kwangu aseme fisi wamezidi Mvumi. Mama atarudi mbio kuokoa mbuzi wake.

Jioni. Loisi anasema mama amecheka. Amesema mumewe yupo nyumbani, na akikoroma hakuna fisi anayesogea.

Ijumaa, 24 Januari

Nilikwenda nyumbani kuchukua kanzu safi. Nilijifunika gunia kichwani nikaingia kinyumenyume. Nikamkanyaga kuku, kisha chungu. Mama alikuwa amegeukia ukuta kwa heshima. Akauuliza ukuta kama huyo ni mwizi. Loisi akajibu kwamba ni mume wake.

Nimetoka bila kanzu. Lakini alivyolitamka, "mume wangu"! Nimeirudia sauti ile moyoni siku nzima. Nimeandika magunia ya karanga kuwa ngozi.

Jumamosi, 25 Januari

Jumatatu ni sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaizari, mfalme wa Wadachi. Majumbe wote wameitwa, barabara zimefagiliwa. Sijui kwa nini mtu azaliwe Ulaya halafu tufagie sisi, lakini hilo silisemi karibu na boma. Mimi Kaizari simchukii. Tatizo langu si mtu aliye mbali.

Na sikukuu hii itaniokoa! Nimemwagiza Loisi amwambie mama kwamba mzinga utapasua masikio, na ngoma ya askari huwatia watu wazima homa. Afadhali aondoke mapema. Loisi alitaka kuniambia jambo, lakini nilikuwa nimeanza kuyasifu macho yake, na macho yale hayaachwi njiani.

Jumapili, 26 Januari

Balaa. Mama amefurahi mno. Amepiga ngoma tangu usichana wake, na sasa anataka kuona kama hao askari wanajua kupiga au wanapigapiga tu. Ameshavaa shanga.

Jumatatu, 27 Januari

Naandika nikiwa kifungoni. Kalamu ni ya Bartolomayo, ambaye anataka kusoma. Hatasoma.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Bwana Mkubwa, Mdachi mwenye boma, alihutubia kwa muda mrefu, na Bartolomayo akatafsiri kwa ufupi: Kaizari anawasalimu, lipeni kodi. Kisha mzinga ukalia, watu wakasukumana. Nikageuka, nikawa uso kwa uso na mama mkwe. Karibu sana hata nikaiona chale ya kwenye paji la uso wake!

Miguu ikaondoka. Nilipasua safu ya askari, nikaangusha ngoma kubwa, nikaenda kuukumbatia mlingoti, na bendera ikashuka nami. Mama naye alikimbia upande wake, akapita mbele ya Bwana Mkubwa kama kanga aliyeshtuliwa.

Bwana Mkubwa akauliza ninamkimbia adui gani.

"Mama mkwe, Bwana," nikasema.

Bartolomayo akatafsiri, na nadhani aliongeza chumvi. Bwana Mkubwa na Wadachi wenzake walicheka mpaka wakafuta macho. Hata hivyo nitafagia uwanja wa boma mpaka Jumamosi, na kulala humo humo.

Alhamisi, 30 Januari

Loisi alikuja ukutani na chakula. Kitambaa cha buluu kichwani. Nilikisifu mpaka ugali ukapoa!

Anasema mama anajivunia sana. Kila jirani ameambiwa kwamba vijana wa siku hizi huwakodolea wakwe zao macho kama mbuzi wa mnadani, lakini mkwe wake yeye ameiangusha bendera ya Kaizari kwa heshima. Nikauliza kwa unyonge ataondoka lini.

"Alikuwa aondoke Jumanne alfajiri," Loisi akasema. "Palizi inamngoja. Sasa anasema hawezi kuniacha peke yangu wewe ukiwa umefungwa."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Nilianza kila jioni, mume wangu. Ungeniuliza tu, ukanyamaza."

Jumapili, 2 Februari

Nyumbani! Mama aliondoka asubuhi. Chumba kizima chetu! Nilikuwa nalisifu sikio la kushoto la Loisi nilipoona machozi. Amemkumbuka mama yake. Nani angevumilia machozi yale? Si mimi.

Ndipo nikapata mpango ulio bora kuliko yote. Sikumuuliza Loisi; nilitaka kumfurahisha kwa ghafla. Nikatoka mbio, nikakata porini, nikalifikia kundi la wanawake aliofuatana nao mama kwenye njia ya Mvumi. Nikajificha nyuma ya kichaka cha minyaa, nikapaza sauti kwa heshima zote: mama asituache wapweke, kwetu ni kwake, akija akae hata mpaka mavuno.

Kisha mama, akiwa ameigeukia njia, akajibu taratibu kwamba hajawahi kupata mkwe kama mimi.

"Nikimaliza palizi nakuja, mwanangu, kabla mwezi huu haujaisha. Na baba yako naye nitamleta."