Dakika Kumi za Mwisho

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Siku mbaya, ila ina tamaa ndani yake. Asubuhi Bwana Muchiri, meneja wetu hapa sinema ya Zumaridi, alituita ofisini, mimi na Kilonzo. Alisema wenye sinema wanataka mtu mmoja tu wa mlangoni kuanzia mwezi ujao. Wa pili atakwenda zake. Alisema hivyo huku akichonga penseli.

Abaki nani? Itategemea kadi. Wiki hii tunaonyesha picha mpya ya Kizungu, ya yule jambazi wa enzi za wafalme, mwenye upinde, akaaye msituni na kuwapora matajiri awape maskini. Hadithi yenyewe kila aliyepita darasa la tano ameisikia. Lakini hii imetengenezwa upya, na kampuni iliyoileta inataka maoni ya watazamaji. Kila anayetoka aandike kwenye kadi ameionaje. Kilonzo atakusanya za chini, mimi za ghorofani. Atakayeleta kadi nyingi na nzuri ndiye mwenye kazi.

Huyu Kilonzo ni Mkamba wa Kitui, mabega kama kabati, na ana tabia ya kuwasalimia watu kabla hawajamsalimia. Simpendi.

Kazi hii lazima niipate. Waridi, mke wangu, yuko kwao Mombasa mwaka wa pili huu. Baba yake, Mzee Munir, alisema hamrudishi Nairobi mpaka niwe na kazi ya kueleweka. Mwezi uliopita nikawaandikia kwamba mimi sasa ni naibu meneja. Wameamini! Waridi anakuja Jumamosi kwa treni kujionea. Naibu meneja bado sijawa.

Jumanne, 6 Agosti

Onyesho la saa tisa. Nimegawa kadi sitini ghorofani. Zimerudi nne. Nyingine zimekunjiwa maganda ya njugu, na bwana mmoja ya kwake amechokolea meno.

Hizo nne ni hizi. Mbithi, karani wa serikali, ameandika kwamba majambazi wakiachwa wawapore watoza kodi, barabara zitatengenezwa na nani. Maalim Abdalla, anayesomesha watoto Kurani kule Ngara, ameandika kwamba mwizi ni mwizi, na kugawa alichoiba hakumpunguzii dhambi hata chembe. Ila farasi walikuwa wazuri, mashallah. Mwenye bucha mmoja wa Kangemi amelalamika kwamba yule paa wa mwanzoni alipigwa mshale pasipofaa, wakaharibu nyama nzuri ya paja.

Ya nne ni ya Syokau, mama anayefanya kazi za nyumbani Lavington. Ameandika: "Yule rafiki aliyetumwa dawa alisimama njiani akachelewa. Angekimbia angewahi. Nimelia mpaka nikakasirika." Dawa gani tena? Mtu anaingia sinema na mambo yake ya nyumbani, kisha anayachanganya na picha. Kadi nimeitupa. Ameacha mwavuli chini ya kiti, mzuri, wa maua. Huo nimeuweka.

Kilonzo amerudi na rundo zima. Wasiojua kuandika wanamwambia kwa mdomo, anawaandikia, halafu anawasomea wasikie kama ndivyo walivyosema. Ujanja wa kishamba huo.

Jumatano, 7 Agosti

Baridi ya kukata masikio. Kadi sita. Kilonzo hata hahesabu tena, anazifunga kwa kamba kama sukumawiki.

Leo nimewachunguza wanaotoka. Kazi yangu ni kufungua milango ya juu dakika kumi kabla picha haijaisha, kisha nasimama nje kwenye ngazi. Wanatoka kimya. Macho mekundu. Mwanamume mzima, na tai yake shingoni, anajipangusa kwa kiganja. Nikajua mwisho ni mtamu kupita kiasi. Harusi hiyo, itakuwa nini kingine? Stelingi, yaani shujaa wa picha, amemwoa binti na mfalme amewarudishia shamba. Stelingi hafi. Hilo Nairobi nzima inalijua.

Mwenyewe sijauona, wala picha yenyewe sijaitazama, muda wote niko nje na kadi. Mimi mwisho wa picha sitazami, na Bwana Muchiri anadhani ni kwa ajili ya milango. Haya, niandike, maana daftari hili hasomi mtu. Mwaka juzi mwezi wa Julai tulikuwa tukikaa Kangemi. Binti yetu Salme alishikwa na homa. Alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu. Waridi akanituma dawa mjini. Dawa niliipata upesi, dukani hapakuwa na mtu. Nikarudi nayo mfukoni, nikapita mbele ya sinema moja, mlango uko wazi, mwenye mlango hayupo. Nilimuuliza muuza njugu wa hapo nje, nikaambiwa zimebaki dakika kumi. Dakika kumi tu. Nikaingia. Stelingi alishinda, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Nilipofika nyumbani majirani walikuwa wamesimama mlangoni, wanawake wamejitanda khanga. Nilisema foleni ilikuwa ndefu. Waridi hakuniuliza neno. Baada ya arobaini alikwenda kwao.

Nimeandika. Yatosha.

Alhamisi, 8 Agosti

Leo nimetumia akili. Watazamaji hawataki kuandika, basi nimewaandikia. Nilijifungia stoo, kwenye matangazo ya picha za zamani, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kadi hamsini! Kalamu tatu za rangi mbalimbali, penseli moja, na kumi nimeziandika kwa mkono wa kushoto. Kuna za wauguzi, za madereva, ya mchungaji mmoja, na ya mjane wa Ngara ambaye nimempenda mwenyewe kwa maneno yake.

Mjane anasema: "Harusi ya mwisho imenikumbusha yangu." Dereva anasema: "Nilifurahi jambazi alipokabidhiwa shamba lake, sasa atulie alime." Muuguzi anasema bibi harusi alipendeza. Hamsini nzima za sifa zingetiliwa shaka, kwa hiyo nimemfanya mzee mmoja alalamike kwamba harusi ilikuwa ndefu kidogo. Hapo ndipo Kilonzo hanipati.

Kilonzo alinikuta nikinawa mikono, akauliza wino wote huu wa nini. Nikamwambia mambo ya ofisi. Akasita, halafu akasema kwa upole kwamba kesho nimwachie milango yangu, nikae ndani niitazame picha mpaka mwisho, maana mtu akishaona walichokiona watu ni rahisi kuzungumza nao. Nikamjibu kwamba nimeitazama mara tatu. Akaniangalia. Akasema sawa, Bwana Shee, akaenda zake.

Anaitaka milango yangu. Simpi.

Ijumaa, 9 Agosti

Baada ya sala ya Ijumaa nilizipeleka kadi. Bwana Muchiri alizipima mkononi, akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue. Akanipa mkono! Kesho adhuhuri anakuja Bi Nzula, mwakilishi wa kampuni ya picha, kuzisoma zote. Akaniuliza kama picha yenyewe nimeitazama. Nikaapa wallahi. Na ndiyo kwanza natoka msikitini. Mungu anisamehe, atajua ni shida.

Chumba changu cha Ngara nimekifagia mara mbili. Kwa jirani nimeazima kiti. Zawadi ya Waridi ni ule mwavuli, nimeufuta vumbi, unaonekana mpya.

Nina furaha na moyo unanienda mbio. Miaka miwili sijamsikia akiniita Baba Salme. Sijui kama ataniita.

Jumamosi, 10 Agosti

Siku ya kufutwa kwenye kalenda.

Treni iliingia asubuhi. Waridi amekonda, buibui limemzidi. Alinisalimu kwa jina langu, Shee. Nikampa mwavuli, akashukuru. Akataka kuiona ofisi yangu. Nikamwambia inapakwa rangi.

Tulipofika Zumaridi, Kilonzo alimwita shemeji, akamuuliza habari za Mombasa, akamweka kiti kizuri cha katikati kwa onyesho la mchana. Nikashukuru moyoni kwamba ana kazi, hatanifuata. Mimi nikaitwa ofisini.

Bi Nzula ni mama wa miwani, mpole. Alisoma kadi zangu kama tano kimya kimya. Akarudia ya kwanza. Kisha akauliza: harusi ipi?

Bwana Muchiri akaitazama penseli yake.

Bi Nzula akaeleza taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake habari za msiba. Hakuna harusi. Jambazi anakufa. Anakufa kwa homa, juu ya majani makavu, na ndiyo maana maoni yakatakiwa, kwa sababu kokote picha hii ilikopita watu wamegombana juu ya mwisho wake. Akasoma na za Kilonzo. Mmoja anataka arudishiwe pesa zake kwa sababu stelingi kafa. Mwingine anasema ni haki yake, mwizi afe. Fundi viatu mmoja anasema hajawahi kuona picha ya Wazungu inayosema kweli namna hii. Halafu akanigeukia, akauliza imekuwaje watu hamsini wa ghorofani wameona harusi.

Nikasema labda kutoka juu inaonekana vingine.

Hakucheka mtu. Bwana Muchiri akaniambia niiache tochi mezani.

Nilishuka ngazi, watu wanatoka. Waridi alitoka wa mwisho, uso umelowa. Na hapohapo, nani anaingia kutoka barabarani? Syokau wa Lavington, anaulizia mwavuli wake. Akauona mkononi mwa mke wangu. Waridi hakuuliza kitu, aliutoa, akamwomba radhi mama wa watu, akamshika na mkono. Nilitamani ardhi inimeze na ngazi zake.

Nikamwambia Waridi nimejiuzulu, kwa sababu ya heshima. Akakaa kwenye ngazi. Akaniuliza kama ile foleni ya duka la dawa ilikuwa ndefu kweli. Nikasema ndefu sana, mpaka barabarani. Akainuka, akaliweka sawa buibui lake.

Kisha akasema anarudi Mombasa leo hii hii. Hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma. Alisema ana ombi moja tu. Niitazame picha hii mpaka mwisho, halafu nimwandikie yule rafiki alifanya nini. Barua ikifika ataisoma, na akishaisoma atajua kama afunge mizigo aje au asije. Baba yake hatamzuia, wala hataki kujua mimi ni meneja au mfagiaji.

Rafiki gani? Niliona aibu kuuliza. Nilimsindikiza stesheni. Hakuniita Baba Salme.

Jumatatu, 12 Agosti

Jana nilijifunika shuka kutwa nzima, sikula. Leo nimeinuka. Ombi la Waridi ni dogo, wanawake wengine wanadai dhahabu. Nikaenda Zumaridi.

Kilonzo, ambaye sasa ndiye mwenye mlango peke yake, hakunitoza. Akanitangulia kwa tochi mpaka katikati ya safu ya katikati, watu sita kulia, watu sita kushoto. Aliniambia nikae nitulie, milango yote anayo yeye.

Nilikaa. Na niseme haki, picha ni nzuri. Jambazi amezeeka, mvi tele, wale aliowagawia mali wanamkwepa. Paa kweli alipigwa vibaya. Kisha jambazi akashikwa na homa, akalala kwenye majani, akamtuma rafiki yake kwa watawa ng'ambo ya mto akachukue dawa. Rafiki akaipata upesi. Akaitia kifuani ndani ya shati, akaanza kurudi. Njiani akapita kwenye gulio, watu wameunda duara, kuna mieleka. Akapunguza mwendo. Akauliza kitu. Akachungulia.

Niliitazama saa ya juu ya mlango. Zimebaki dakika kumi.

Nikashikwa na kiu. Kiu kali, ulimi mkavu kabisa. Nikasimama, nikakanyaga miguu ya watu sita, wakanitukana kwa lugha zao. Mlangoni Kilonzo hakuniwashia tochi. Alinifungulia tu, akaninong'oneza kwamba zimebaki dakika kumi, Bwana Shee, kaa. Nikamwambia najua inavyoishia.

Na najua. Bi Nzula si alishanieleza? Jambazi anakufa. Kilichobaki ni cha kujazia, na kwa kujazia mimi ni hodari. Yule Syokau aliandika kitu kuhusu hiyo dawa, sikumbuki nini, na kadi niliitupa. Si neno.

Nimekaa kwenye kiti cha jirani, nimeandika barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Naiweka na hapa, nisije nikasahau nilisema nini:

"Mpenzi Waridi. Nimeitazama mpaka mwisho kama ulivyoniomba. Yule rafiki alikimbia njia nzima, hakusimama popote, hata maji hakunywa. Alifika na dawa mkononi. Lakini siku ya mgonjwa ilikuwa imeshafika, na hakuna aliyemlaumu. Nimelia sana. Wako, Baba Salme."

Niliisoma mara mbili, mara ya pili machozi yakanitoka kweli. Nimeitia posta jioni hii hii. Kesho kutwa ataipata. Kwa hesabu yangu, Jumamosi yuko hapa.

Kiti cha jirani sikirudishi bado. Lililobaki ni kutafuta mwavuli mwingine.