Akili Ndiyo Mkuu wa Gereza

Jumatatu, 4 Machi 1996. Jinja.
Kasisi wa gereza katuhutubia askari kuhusu falsafa. Kasema wanafikra wa kale waliiweka akili juu ya hisia, kama askari juu ya mahabusu. Safi kabisa! Alipofika kwenye neno “lakini”, nikatoka. Nilikuwa nimeshaelewa. Sajenti Otim kabaki mpaka mwisho, na machozi yakamtoka. Huyo hulia hata timu pinzani ikifungwa. Kuanzia leo hisia zangu zote ziko rumande.

Jumatano, 6 Machi.
Uamuzi: nitamposa Lillian, mwalimu wa shule ya Nabuyonga kule Mbale, kwa akili tupu. Mapenzi hayatatajwa. Hoja ziko tayari: silewi, meno yangu yote yapo, nyumba yangu ya kambini haivuji. Nimemsomea Otim. Kaniuliza kama nampenda huyo dada. Nikamwambia swali lake liko nje ya mada. Kaomba kunisindikiza. Kiakili, sikuona hatari.

Jumamosi, 9 Machi. Mbale.
Hatari ipo! Mama yake Lillian katuandalia malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa karanga. Nikatoa hoja zangu nimesimama wima, kama niko gwaride. Nilipofika kwenye meno, Lillian akapiga miayo. Kisha Otim akasimulia alivyorudi kwao kaskazini akakuta mama yake keshazikwa. Lillian akamshika mkono. Mkono! Nikaipiga meza ngumi. Mchuzi ukammwagikia mama mwenye nyumba. Kidole changu kikalia ka!

Lillian akanifuata uani.

“Afande Bogere, ule ulikuwa wivu?”

“Hapana. Ilikuwa hoja. Nimeitoa kwa mkono.”

Akasema tangu tujuane, ndiyo mara ya kwanza kuona kwamba ndani ya sare hii kuna mtu.

“Sema tu uliona wivu, nami nitakuja Jinja kuishi nawe.”

Moyo ukaruka. Nikauamuru utulie. Nikamjibu kwamba siwezi kujenga ndoa juu ya ushahidi wa uongo. Akarudi ndani. Nikabaki na kuku. Nilishinda!

Jumapili, 17 Machi. Jinja.
Otim kamposa Lillian. Kakubaliwa. Kaja kunililia begani, kaniomba niwe msimamizi wake siku ya harusi. Nimekubali, maana sikupata hoja ya kukataa. Tulipokuwa tunakula, macho yangu yakatoka maji mfululizo. Nimechunguza sababu: vitunguu. Otim kasema chakula hakikuwa na vitunguu. Kisha kanikumbatia tena, mbele ya askari wote. Sikumsukuma.

Sijuti! Aliyetawaliwa na hisia ni Lillian. Hata Mbale nzima ikinifukuza, msimamo wangu ni uleule.

Jumatatu, 18 Machi.
Zahanati ya kambi. Kidole kimevunjika kweli. Wiki nzima nilikuwa nimekikatalia. Nesi mpya, Peace, kauliza kama kinauma. Nikamweleza kwamba maumivu ni maoni ya kidole tu, akili haijayapitisha. Akacheka mpaka bandeji ikamponyoka. Akaniambia nirudi kesho.

Mwanamke mwenye mantiki, hatimaye! Kesho namtolea hoja zangu zote. Kosa la Mbale nimeligundua: zilikuwa fupi mno.