Jicho Moja la Gashe Wubishet

Jumamosi, Pagume 1

Gashe Wubishet, mwalimu wetu wa uchoraji, katangaza leo klabuni. Maonyesho siku ya mwaka mpya, Pagume na siku zake tano ikiisha. Picha moja kila mtu. Mada, chagua mwenyewe.

Chagua mwenyewe! Bora angeniambia nichore punda. Punda najua anapoanzia na anapoishia.

Mshindi ataenda Addis wiki mbili kujifunza kwa wachoraji wakubwa, na atachagua mwenzake mmoja wa kwenda naye. Hapo hapo klabu nzima wakageukiana: wewe nichukue, mimi nitakuchukua. Hakuna aliyenigeukia. Nikageukia ukuta. Ukuta angalau haukuwa na miadi na mtu.

Ila nimepiga hesabu. Nikishinda, lazima nichague mtu. Nikimchagua, lazima akubali, maana nani aikatae Addis? Wiki mbili basi moja, chumba kimoja, sahani moja. Wiki mbili zinatosha mtu kunizoea. Kwa hiyo sihitaji kipaji. Nahitaji mada tu.

Orodha nimeiandika kwa Kiingereza, Bibi asiisome. Maua: hapana. Rekik, msichana mwenzangu wa klabu, atachora ua la adey, lile la manjano, kama kila mwaka, na kila mwaka watu wanasema aaah. Hata watoto wanaogawa picha mlango kwa mlango siku ya mwaka mpya wanachora adey. Mtakatifu Giorgis juu ya farasi: miguu ya farasi inanishinda. Njaa: ndiyo! Mbele ya picha ya njaa hakuna anayethubutu kusema mbaya.

Jumapili, Pagume 2

Nimemwomba Bibi awe njaa.

Akauliza njaa gani, leo si siku ya mfungo. Nikamweleza ni sanaa, akae tu kigodani, ashike tumbo, ahuzunike. Akakaa. Akashika tumbo. Akaanza kucheka, na tumbo la Bibi likianza kucheka halisimami upesi. Kisha akanitazama, akasema, "Mjukuu wangu, mwenye njaa humu ndani ni wewe. Mifupa yako inagongana kama vijiko."

Nimelishwa injera mbili na mchuzi wa shiro mpaka penseli ikawa nzito. Huwezi kuchora njaa umeshiba. Nimejaribu. Imetoka picha ya mama mnene aliyepoteza ufunguo.

Jumatatu, Pagume 3

Siku ya malaika Rufael, na mvua imekuja kama inavyotakiwa. Mtaa mzima nje, wanaoga baraka. Rekik kasimama katikati ya njia, nywele chepechepe, akaita, "Tsige! Toka bwana, mvua haing'ati!" Nikajibu nina mafua. Nilijibu kwa sauti ndogo, sidhani kama alisikia. Akaita mara ya pili. Mara ya tatu hakuita. Nilikuwa nahesabu.

Lakini Mungu hamtupi mja wake! Pale pale dirishani nimeipata mada. Gashe Wubishet alikuwa amejikinga mvua kwenye kibaraza cha mama wa kahawa, ng'ambo ya njia, ameketi kiubavu, kikombe mkononi. Nani atakayeamua mshindi? Yeye. Nani anaweza kuinyima ushindi sura yake mwenyewe? Hajazaliwa.

Nimekaa nyuma ya pazia saa nzima nikichora. Pua yake kama mdomo wa birika la kahawa. Sikio, zuri ajabu. Ubavu ni pembe bora kabisa: unamwona mtu, yeye hakuoni.

Jumanne, Pagume 4

Klabuni. Rekik anachora adey. Nilijua! Nikamsikia akimwambia Gashe kwamba huu ni mwaka wa saba na hajalimaliza ua hilo bado. Miaka saba kwa ua moja! Mtu mwenye akili angeshahamia kwenye mti.

Akaja kuniuliza mimi nachora nini. Nikafunika turubai kwa shuka. Akasema, "Haya, ficha, ficha, utadhani umeiba." Akacheka. Nilitaka nami nicheke, ila nilipokuwa tayari alikuwa ameshaondoka.

Gashe akatuhutubia. Mada haichaguliwi kama kitunguu sokoni, alisema. Mada ni kile ambacho ukiambiwa usikitazame, utakitazama. Kisha akasema, "Tsigereda, binti yangu, naongea nawe pia, inua uso." Nikauinua mpaka kwenye viatu vyake. Vina tope upande wa kushoto. Nimelitia kwenye picha.

Jumatano, Pagume 5

Nimemaliza. Kazi imetulia! Bibi anataka kuona, nimekataa, nikamwambia atafurahi kesho pamoja na watu wote.

Nimefanya mazoezi ya kumwambia Rekik, "Tutakwenda wote, mimi na wewe." Mbele ya kioo. Sikufika mwisho. Yule wa kwenye kioo alikuwa ananikodolea macho.

Alhamisi, Meskerem 1

Natamani mwaka urudi nyuma.

Asubuhi saa tatu ukumbi umejaa, watu wamejitanda shuka nyeupe kila upande, majani mabichi yametandazwa sakafuni. Nikaivua picha yangu kitambaa. Kisha Bibi, Bibi yangu mwenyewe, akapiga ishara ya msalaba na kusema kwa sauti ya kwaya: "Ewe Mariamu! Mtoto kampa Gashe jicho moja!"

Ndipo nikakumbuka. Mji mzima huu unajua, hata mbuzi wanajua. Ukutani kanisani watakatifu wote wanakutazama, macho mawili. Anayechorwa ubavu, jicho moja, ni Yuda na mashetani. Nimesimama chini ya kuta zile tangu nilipobatizwa! Ila mimi kanisani hutazama vidole vya miguu yangu.

Mzee mmoja akauliza Gashe kakosa nini. Mwingine akasema, "Lazima lipo jambo, mtoto hasemi uongo." Mama wa kahawa akasogea mbali naye hatua moja, nimemwona.

Gashe akaja. Akaikagua. Akasema miaka arobaini anachora kuta za kanisa. "Yuda nimempa jicho moja. Mashetani nimewapa. Waliompiga Bwana mijeledi nimewapa. Kumbe na mimi nimo!" Ukumbi ukaangua kicheko. Kisha akainama, akaniuliza polepole, "Una kinyongo na mimi, mwanangu?" Nikaiambia sakafu kwamba huo ndio upande niliouona kutoka dirishani. Akasema hiyo basi si picha yake, ni picha ya dirisha langu.

Sikumwelewa. Dirisha sikulichora kabisa.

Rekik kashinda. Ua moja, kubwa kama uso, limegeuzwa limkabili mtu. Nilipita mbele yake mara nne. Sijui kwa nini.

Ijumaa, Meskerem 2

Rekik kaja getini. Bibi akapaza sauti mpaka jirani: "Tsige, una mgeni!" Neno hilo halijatumika nyumbani humu siku nyingi.

Akasema tangu jana wote wanampelekea mikate na sifa wachaguliwe. Hawataki. "Mimi nakutaka wewe. Jana nusura nife kwa kicheko, lakini lile sikio, Tsige! Klabu nzima hakuna wa kuchora sikio lile." Akaniomba niende kwao kesho nimchore, tuzoeane kabla ya safari.

Nikaviambia viatu vyake asante, ila kesho nasubiriwa na wenzangu. Akauliza wenzangu gani. Nikasema wengi. Akachungulia uani. Alikuwapo kuku wa Bibi. Akasema, "Haya basi," akaenda.

Nilifanya vizuri. Ati niende kama msindikizaji! Mpango wangu ulikuwa mimi ndiye nichague. Ukikubali kuchaguliwa, mpango wote umeharibika. Bibi hataki kuelewa, kanuna, anagonga masufuria.

Lakini sikilizeni! Nilimtazama Rekik akienda mpaka kona, bila kupepesa. Mabega. Shingo. Misuko inayoruka kila hatua. Mada hiyo! Mgongo! Mgongoni hakuna jicho hata moja, nani atakasirika? Nimeshachora mistari ya kwanza nyuma ya pazia. Mwaka ujao ushindi ni wangu, hauna njia ya kunikwepa.

Na nikishinda, najua nitakayemchagua. Nitamchagua Rekik.